Mawe, Majina na Wajenzi: Boma la Thimlich Ohinga na Ushahidi wa Lugha

1. Utangulizi

Kiogoro ni sehemu ya nyanda za juu za Wagusii, katika Nyaribari, jirani na mji wa Kisii. Ni nchi ya vilima, mvua nyingi na udongo wenye rutuba, na kwa vizazi vingi wenyeji wake walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Vitu hivyo havidumu. Uzio uliowazuia chui na maadui katika kizazi kimoja huwa mbolea ya migomba katika kizazi kifuatacho, na mwanaakiolojia afikaye baadaye hukuta alama chache sana. Lakini msafiri akiteremka kutoka huko kuelekea kusini-magharibi, akaipita Migori na kuingia katika nchi kavu ya Nyatike, isiyo mbali na Ziwa Victoria, hukuta mambo mengine kabisa. Huko, katikati ya vichaka, zimesimama kuta za mawe zenye kimo cha kumpita mtu, nazo zina umri wa karibu miaka mia tano. Mahali hapo huitwa Thimlich Ohinga.

Makala hii inakusudia kulizungumzia boma hilo kwa kuuliza swali linaloihusu taaluma ya lugha: je, majina na maneno yanaweza kutuambia ni nani waliojenga kuta hizo? Mwaka 2018, katika mkutano wake wa 42 uliofanyika Manama, Bahrain, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo likishapata hadhi ya namna hiyo, swali la wajenzi wake haliwi tena la wataalamu peke yao. Linaingia katika vitabu vya shule, katika maelezo ya waongozao wageni, na katika mazungumzo ya jamii zinazopakana. Jibu la haraka laweza kuipa jamii moja kazi ya jamii nyingine. Laweza pia kuzifuta kabisa jamii ambazo lugha zao zimetoweka au zinaelekea kutoweka.

Hoja ya makala hii ni kwamba swali la "nani alijenga?" limebeba maswali matatu ndani yake, nayo hapana budi yatenganishwe. La kwanza ni nani aliyeziinua kuta mara ya kwanza. La pili ni nani aliyezitunza na kuziongeza. La tatu ni nani aliyezipa majina zilizo nayo leo. Jina la mahali hujibu swali la tatu. Mara nyingi, hata hivyo, limechukuliwa kana kwamba linajibu swali la kwanza.

2. Istilahi mbili zinazohitaji kufafanuliwa

Wanaakiolojia hutumia neno megalithi kwa majengo ya mawe makubwa yaliyosimamishwa au kupangwa na watu wa kale, hasa nguzo za mawe, makaburi na duara za mawe. Nchini Kenya mifano iliyo dhahiri kabisa ya aina hiyo iko mbali na Kisii, katika bonde la Ziwa Turkana, na itazungumziwa baadaye katika makala hii. Thimlich Ohinga si megalithi kwa maana hiyo finyu. Kuta zake hazikujengwa kwa jiwe moja kubwa lililosimamishwa peke yake, bali kwa maelfu ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine. Hata hivyo, katika Nyanza ya Kusini ndilo jengo lililo karibu zaidi na aina hiyo, kwa ukubwa wake, kwa uzito wa kazi iliyofanywa, na kwa swali linalolizusha: swali la wajenzi wasioacha maandishi.

Istilahi ya pili ni "kabla ya historia". Kwa desturi ya Ulaya, wakati huo ni ule uliotangulia maandishi. Kwa kipimo hicho, Nyanza ya Kusini yote ilikuwa "kabla ya historia" hadi mwisho wa karne ya 19, na boma la karne ya 16 lingehesabiwa pamoja na zana za mawe za miaka elfu nyingi iliyopita. Tangu miaka ya 1960, wanahistoria wa Afrika Mashariki wameukataa mpaka huo. Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya Waluo wa kusini, na William Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya Wagusii kabla ya ukoloni, walionyesha kwamba masimulizi ya koo, yakikusanywa na kulinganishwa kwa uangalifu, yanaweza kujenga historia. Thimlich Ohinga imo katika eneo ambamo masimulizi na akiolojia hukutana. Ndiyo maana lugha, ambayo ni chombo cha masimulizi hayo, haiwezi kuachwa nje ya mjadala.

3. Boma lenyewe

Eneo lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia lina hekta 21. Ndani yake mna maboma makubwa manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na kila moja lina nyongeza zake zilizojengwa kulizunguka au kuambatana nalo. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na mita 3. Mawe hayakuchongwa, na hakuna chokaa wala udongo uliotumiwa kuyaunganisha. Uthabiti wa ukuta unatokana na mpango wake peke yake. Mafundi waliinua uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe yaliyochaguliwa kwa umbo, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo, hivi kwamba sehemu tatu hizo zinashikana na kubebana. Mahali palipohitaji nguvu zaidi waliongeza miegamo.

Milango ni mifupi na myembamba. Mtu hulazimika kuinama ili apite, na anayeinama hawezi kuingia na silaha iliyoinuliwa. Juu ya mlango yamelazwa mawe marefu ya kubeba uzito wa ukuta. Ndani ya boma kuna mabaki ya nyumba, mazizi ya mifugo na mawe ya kusagia nafaka. Nje ya kuta pako mahali palipofanyiwa kazi ya uhunzi. Kwa mabaki hayo tunaona jamii ya wafugaji waliokuwa pia wakulima na wahunzi, walioishi pamoja kwa utaratibu uliohitaji uongozi: ukuta wa namna hiyo hauwezi kujengwa na kaya moja, wala hauwezi kudumu bila watu wanaokubaliana juu ya nani atarudisha jiwe lililoanguka.

Thimlich Ohinga haiko peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la Nyanza umeorodhesha mahali 138 penye jumla ya maboma 521 ya mawe. Takwimu hizo zina maana kubwa. Boma moja lingeweza kuwa kazi ya mtawala mmoja au ya wageni waliopita. Maboma zaidi ya mia tano ni desturi ya nchi nzima, iliyofundishwa na kurithishwa. Katika maandishi ya kitaalamu, mmoja wa waliotangulia kuyaelekeza macho ya wasomi kwenye maboma hayo ni Neville Chittick, aliyechapisha taarifa fupi juu yake mwaka 1965. Baadaye Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalichukua jukumu la kuihifadhi Thimlich Ohinga, na watafiti Wakenya, akiwamo Isaya Onjala, wakaendeleza uchunguzi.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa na UNESCO, ujenzi wa boma hilo yamkini ulianza katika karne ya 16, na desturi ya kuishi katika maboma ya aina hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Katika muda huo jamii mbalimbali zilifuatana: waliokuta kuta zimesimama walizikalia, wakazitengeneza, wakaongeza zao. Kwa hiyo ukuta anaouona mgeni leo si kazi ya kizazi kimoja. Ni kama matini iliyonakiliwa mara nyingi, kila mnakili akisahihisha na kuongeza, hata ikawa vigumu kusema neno gani ni la mwandishi wa kwanza.

4. Majina yanasema nini

Jina Thimlich Ohinga ni la Dholuo. Thim ni msitu au pori; lich ni jambo la kutisha; ohinga, ambalo wingi wake ni ohingni, ni boma au ngome. Jina zima, basi, lina maana ya boma la msitu wa kutisha. Lina maana gani kihistoria? Kwanza, linaeleza mimea, halielezi watu. Pili, linaeleza hofu, na hofu ya msitu ni ya mtu aliye nje yake. Mtu aliyezaliwa ndani ya boma lililofyekwa, lenye nyumba, moshi na ng'ombe, hana sababu ya kuyaita makao yake pori la kutisha. Inawezekana kwamba msitu uliitwa hivyo kabla ya boma, na inawezekana kwamba boma lilipata jina baada ya kuachwa na kuvamiwa na vichaka. Kwa vyovyote, jina hilo si jina ambalo wakazi hujipa. Limetolewa na wapitao.

Majina ya maboma manne yako namna nyingine. Katika Dholuo, kiambishi ka- kikiwekwa mbele ya jina la mtu huunda jina la makao yake au ya ukoo wake. Kiambishi hicho kikikutana na jina linaloanza na irabu o, irabu ya kiambishi humezwa: ka- na Ochieng huwa Kochieng, ka- na Oketch huwa Koketch, ka- na Olouch huwa Kolouch. Jina lisiloanza na irabu halina mgongano huo, na ndiyo maana Kakuku imebaki na kiambishi chake kizima. Kanuni ni ile ile inayotawala majina mengi ya mahali katika nchi ya Waluo.

Uchambuzi huu mdogo unatosha kuonyesha kwamba majina ya maboma ni majina ya wenye nyumba. Yanataja watu waliokumbukwa kwa majina ya Kiluo, nayo yaliundwa kwa kanuni za Dholuo na wasemaji wa Dholuo. Hayo ni maarifa ya hakika, na ni ya thamani. Lakini masimulizi ya Waluo wenyewe, kama yalivyokusanywa na wanahistoria, huweka kuenea kwao katika Nyanza ya Kusini hasa katika karne za 17 na 18. Ikiwa kuta za kwanza ni za karne ya 16, basi majina tuliyo nayo ni ya wakazi wa baadaye, na pengine wa mwisho. Majina ya waliotangulia yaliondoka pamoja na wale waliokuwa wakiyatamka, au yalibadilishwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Kiogoro utaliweka jambo hili wazi. Mji wa Kisii ulianza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwaka 1907, nao kwa Ekegusii huitwa Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Mji huo huo huitwa pia Getembe. Mtafiti wa miaka elfu ijayo, akilikuta jina Bosongo peke yake, angeweza kuandika kwamba wenyeji wa kwanza wa mahali hapo walikuwa Wazungu. Kila mtu wa Kiogoro angemcheka. Jina Bosongo lina ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi wa tukio moja la karibuni. Halina habari ya waliotangulia. Kosa ambalo tungelicheka Kisii ndilo lile lile tunaloweza kulifanya Thimlich Ohinga bila kulitambua.

5. Makosa mawili yaliyotangulia

Historia ya uchunguzi wa majengo ya mawe nchini Kenya ina mifano miwili inayofaa kukumbukwa, kwa kuwa yote miwili ilihusu haraka ya kuyaoza mawe kwa lugha au kwa kabila.

Mfano wa kwanza ni wa G. W. B. Huntingford. Mwaka 1933 alichapisha makala iliyodai kwamba mabaki ya mazizi ya mawe, mashimo ya makazi, matuta na mifereji katika nyanda za juu za Kenya yalikuwa kazi ya ustaarabu mmoja uliotoweka, alioupa jina la Azania. Nadharia hiyo ilikuwa na mvuto kwa sababu ilifanana na zile zilizokuwa zikitolewa kuhusu Zimbabwe Kuu, ambako wageni wengi walishindwa kuamini kwamba Waafrika wa nchi ile ndio waliojenga, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuonyesha hivyo kwa uchimbaji wake wa mwaka 1929. Katika miaka ya 1960 na 1970, John Sutton aliichunguza upya nchi ya nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Alionyesha kwamba yale mashimo yaitwayo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya wafugaji wa kawaida wa karne za karibuni, na kwamba hapakuwa na haja ya kubuni taifa lililotoweka. Watu waliojenga hawakupotea. Wazao wao walibadili makao, desturi, na wengine lugha.

Mfano wa pili unatupeleka kaskazini, kwenye megalithi za Turkana. Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, zimesimama nguzo za mawe meusi mahali panapoitwa Namoratunga. Jina hilo ni la Kiturkana, nalo lafahamika kuwa na maana ya watu wa mawe. Masimulizi husema kwamba nguzo hizo zilikuwa watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Mwaka 1978, B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika kwamba nguzo 19 za Kalokol zilipangwa kuelekea nyota zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana, wasemaji wa lugha ya Kikushi, na kwamba zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Hivyo mawe, lugha na kalenda vilifungwa pamoja katika fundo moja zuri.

Fundo hilo halikudumu. Mwaka 1982 Robert Soper aliyapima mawe upya na kutia shaka vipimo vilivyotumiwa. Uchimbaji uliofanywa baadaye na kundi la Elisabeth Hildebrand na Katherine Grillo katika mahali pa aina hiyo penye nguzo, hasa Lothagam Kaskazini, ulionyesha kwamba desturi hiyo ilikuwa ya kale zaidi sana: ilianza yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati maji ya ziwa yalipokuwa yakipungua na wafugaji wa kwanza wakiingia katika bonde hilo. Taarifa ya mwaka 2018 ilieleza kwamba katika jukwaa la Lothagam Kaskazini, lenye kipenyo cha mita 30, walizikwa watu wasiopungua 580 kwa makadirio, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, bila dalili ya kwamba wachache walitukuzwa kuliko wengine. Wajenzi hao waliishi zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya tarehe iliyodaiwa mwaka 1978, na miaka mingi zaidi kabla Waturkana hawajafika na kuzipa nguzo jina wanaloliita leo.

Funzo la Namoratunga kwa Thimlich Ohinga ni bayana. Jina la Kiturkana halikuwafanya Waturkana kuwa wajenzi, na hakuna mtu aliyedai hivyo. Lakini kalenda ya Kiborana ilichukuliwa kuwa ushahidi wa wajenzi, ingawa nayo ni desturi hai ya watu wa leo iliyorudishwa nyuma kwa miaka elfu mbili. Kuhamisha jambo la leo hadi zamani bila hatua za kati ni kosa lile lile, liwe limefanywa kwa jina, kwa kalenda au kwa kabila.

6. Lugha zilizopita katika nchi ya maboma

Je, lugha basi haina la kusema juu ya wajenzi wa kwanza? Inalo, lakini haitoki katika jina moja. Inatoka katika uhusiano wa lugha zenyewe.

Jambo la kwanza ni kwamba Nyanza ya Kusini haijawahi kuwa nchi ya lugha moja. Ekegusii na Igikuria ni lugha za Kibantu zilizo jamaa ya karibu. Katika pwani na visiwa vya ziwa, hasa Rusinga na Mfangano, kuna Wasuba, ambao nao asili yao ya lugha ni Kibantu. Dholuo ni ya Kinilo cha magharibi. Zaidi ya hayo, Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alionyesha kwamba wasemaji wa lugha za Kinilo cha kusini, jamaa za Kikalenjin, waliziachia lugha za Kibantu za mashariki ya ziwa maneno mengi ya mkopo, yakiwamo yanayohusu mifugo. Kwa hiyo mwanaisimu anayeyatazama maboma ya mawe ya wafugaji hawezi kuchagua kati ya Waluo na Wabantu tu, kana kwamba hakuna mwingine aliyepita.

Jambo la pili ni kuhama lugha. Habari za Wasuba zimechunguzwa kwa makini na H. Okello Ayot, aliyeandika historia yao mwaka 1979, na na Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo, waliochapisha mwaka 1992 uchunguzi wao juu ya namna Wasuba walivyoiacha lugha yao na kushika Dholuo. Jamii ilibaki, mashamba yakabaki, koo zikabaki, lugha ikabadilika. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa swali letu. Mtu anayeitwa Mluo leo, anayesema Dholuo na aliyelipa boma jina la Dholuo, aweza kuwa mzao wa watu waliosema lugha ya Kibantu. Kwa hiyo hata tungethibitisha kwamba wajenzi wa kwanza walisema Kibantu, hatungekuwa tumemwondoa Mluo wa Nyatike katika ukoo wa wajenzi. Wala hatungekuwa tumewapa Wagusii wa leo hati ya kuwa warithi wa pekee. Lugha na damu hazisafiri njia moja kila siku.

Jambo la tatu ni msamiati wa ujenzi. Ekegusii ina neno orwaki kwa ukuta au ngome ya kujikinga. Kwa Wabukusu, kaskazini ya ziwa, kijiji kilichozungushiwa ukuta kiliitwa lugoba. Ngome za Lumboka na Chetambe, zilizoshambuliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1895, zilikuwa za aina hiyo. Kinyarwanda na Kirundi zina urugo kwa makao yaliyozungushiwa uzio, na Kiswahili chenyewe kina ugo. Mashina ya maneno haya hayafanani yote, lakini kiambishi kinafanana: yote yako katika ngeli ile ambayo wanaisimu wa Kibantu huiita ya 11, ngeli ya vitu virefu na vyembamba, ambamo Kiswahili kimeweka pia ukuta, ua na uzio. Wasemaji wa lugha hizi waliuona ukuta kama mstari unaozunguka. Urugo na ugo, zaidi ya hayo, ni neno moja lenye asili moja, na hivyo ni ushahidi kwamba wazo la makao yaliyozungushiwa ni la kale sana miongoni mwa wasemaji wa Kibantu, kale kuliko kuta zozote zilizosimama leo Nyatike.

Hilo halithibitishi kwamba Wabantu walijenga Thimlich Ohinga. Linathibitisha kwamba wazo lilikuwapo na lilikuwa na jina, na kwamba tofauti kati ya ukuta wa mawe wa nyanda za chini na uzio wa miti wa nyanda za juu ni tofauti ya vifaa kuliko ya fikra. Waluo nao waliziita gunda bur zile ngome za handaki na tuta la udongo kaskazini ya ghuba, mahali palipo na udongo mwingi. Penye mawe, jamii zilijenga kwa mawe. Penye udongo, kwa udongo. Penye miti, kwa miti. Wagusii walikuwa pia na ebisarate, kambi za ng'ombe zilizolindwa na vijana wenye silaha, ambazo serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1910. Hofu iliyojenga ukuta wa Nyatike, yaani hofu ya kunyang'anywa ng'ombe, ndiyo iliyojenga kambi hizo. Ukuta umebaki. Kambi imebaki katika neno tu.

7. Umuhimu wa boma na kazi iliyobaki

Kwa akiolojia, umuhimu wa Thimlich Ohinga ni kwamba inaonyesha ujuzi wa ujenzi usiotegemea chokaa wala jiwe la kuchongwa, uliotokea ndani ya nchi na kudumu karne nyingi mikononi mwa jamii zilizofuatana. Inaonyesha pia kwamba jamii zisizokuwa na wafalme wakubwa ziliweza kufanya kazi kubwa kwa kukubaliana. Katika hilo, boma la karne ya 16 linafanana na jukwaa la Lothagam la miaka elfu tano iliyopita, ingawa hakuna uzi wa moja kwa moja unaoziunganisha.

Kwa taaluma ya lugha, umuhimu wake ni wa namna nyingine. Boma hili linatufundisha kwamba jiwe na neno ni mashahidi wawili wasiofanana. Jiwe hukaa mahali pake lakini halisemi. Neno husema lakini huhama, hukopwa na hufa. Nyatike, jiwe limebaki na jina la kwanza limepotea. Kiogoro, ukuta umepotea na neno orwaki limebaki. Mtafiti anayesoma upande mmoja tu atazipa nyanda za chini historia yote na kuziona nyanda za juu kuwa nchi isiyo na historia, au atalipa jina la mwisho heshima ya kuwa la kwanza.

Kazi inayofuata, basi, ni ya uwanjani, nayo haina anasa yoyote. Ni kukusanya katika Dholuo, Ekegusii, Igikuria na Kisuba maneno yote ya ujenzi na ya ulinzi: jina la ukuta wa nje na la ukuta wa kugawanya zizi, jina la mlango wa kuinama, la jiwe linalolazwa juu yake, la mahali pa mlinzi, la kitendo cha kupanga jiwe bila udongo, na la fundi mwenyewe. Maneno hayo yakiwekwa pamoja na kulinganishwa, mikopo itajitenga na maneno ya urithi, na mwelekeo wa mkopo utaonyesha nani alijifunza kwa nani. Ikiwa Dholuo ilipokea maneno ya ujenzi wa mawe kutoka Kibantu au kutoka Kinilo cha kusini, hilo litakuwa ushahidi wenye nguvu kuliko jina lolote la mahali. Na ikiwa haikupokea, hilo nalo litakuwa ushahidi.

Kazi hiyo ina haraka kuliko ya mawe. Jiwe likianguka Thimlich Ohinga, wapo mafundi wa kulirudisha mahali pake, na sheria ya nchi na jina la urithi wa dunia vinalilinda. Kisuba kimebaki na wasemaji wachache, na hata katika Ekegusii, iliyo na wasemaji wengi, istilahi za ngome ambazo hakuna aliyejenga kwa muda wa karne nzima zimo vinywani mwa wazee tu. Wazee hao wanapatikana leo, Mfangano na Kiogoro pia. Idara za lugha zina daftari, zina wanafunzi wanaotoka katika vijiji hivyo hivyo, na zina elimu ya kulinganisha. Hakuna kingine kinachohitajika ili kazi ianze.